Uzito kwanza, inchi baadaye: springi za nyuma kwa gari la Arua na Koboko

Mwenye gari akiingia gereji mjini Arua na kusema anataka gari lake linyanyuliwe, fundi humuuliza swali moja: inchi ngapi? Mbili, tatu, nne. Mazungumzo yote yanayofuata, ya bei, ya siku za kazi, ya vyuma vitakavyotumika, huizunguka namba hiyo. Nimeketi kwenye gereji za aina hiyo mara nyingi, chini ya Arua Hill na kule Koboko upande wa barabara ya Oraba, na kadiri ninavyokaa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo ndilo linaloharibu magari yetu. Kwanza ziulizwe kilo. Kilo ngapi, na hukaa ndani ya gari siku ngapi katika wiki?

Mgeni anaweza kushangaa kwa nini watu wa huku wanahangaika na kunyanyua magari. Kutoka Kampala hadi Arua, karibu kilomita 500, ni lami. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, kilomita 92, nayo ni lami. Lakini kazi za eneo letu la West Nile haziko kwenye lami. Ziko kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi, ziko Lobule, ziko Bidibidi kule Yumbe, makazi yaliyofunguliwa Agosti 2016 baada ya vita kulipuka upya Juba mwezi Julai, na ambayo yana watu wapatao 200,000. Huko kila kitu, dawa, mabomba ya maji, walimu, wagonjwa, husafiri juu ya moramu. Juu kwenye uwanda wa Arua udongo ni mwekundu na mgumu, na kiangazi hujikunja mawimbi madogo kama bati la paa. Ukishuka kuelekea Nile unakutana na udongo mzito unaonata, na masika yakikolea gari huandika mifereji ambayo anayekuja nyuma hana budi kuifuata.

Magari ya huko karibu yote yana jambo moja linaloyaunganisha: nyuma yamekalia springi za majani. Land Cruiser za kazi nzito za mfululizo wa 70, zilizotoka 1984, zilikuwa na majani mbele na nyuma hadi 1999. Tangu hapo mbele zimewekewa springi za mviringo, lakini nyuma majani yamebaki. Hilux nayo vivyo hivyo nyuma. Canter na Fuso zinazobeba mihogo na mbao, kadhalika. Ni teknolojia ya kale, ya tangu magari ya farasi. Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi zake za majani mwaka 1804. Imedumu kwa sababu yenye akili: chuma kile kile kinachobeba uzito ndicho kinachoishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Mtu aliye Yumbe na jani lililovunjika anaweza kulifunga kwa waya na mti akafika nyumbani. Springi ya mviringo ikikatika porini, hakuna cha kufunga.

Kabla ya kuchagua chochote, liondolewe kosa moja. Wengi wanaamini kwamba gari likinyanyuliwa kwa springi, tumbo lote linapanda juu ya mawe. Sivyo. Ile difu, bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, imekaa juu ya magurudumu, haikukaa juu ya springi. Ubadilishe springi mara kumi, difu haitapanda hata milimita. Kinachoipandisha ni tairi pekee: tairi ikiongezeka sentimita 4 kwa kipenyo, difu inapanda sentimita 2. Springi zinanyanyua chasisi, tangi la mafuta, ngazi za mlangoni na bampa. Zinatoa nafasi ya tairi kubwa kuingia chini ya madigadi bila kukwaruza, na nafasi ya ekseli kupanda na kushuka. Hizo ni faida za kweli. Ila anayekwama kwa sababu difu inalima tuta la katikati ya mifereji, na hao ni wengi kwenye njia za Rhino Camp, anahitaji tairi kabla ya springi.

Sasa tuingie kwenye springi yenyewe. Springi ya majani ina sifa mbili ambazo watu huzichanganya kila siku: mbinuko na ugumu. Mbinuko ni jinsi ilivyopinda kama upinde kabla ya kubebeshwa. Huo ndio unaoamua gari litasimama wapi. Ugumu ni kilo ngapi zinahitajika kuishusha sentimita moja. Unaweza kuwa na springi iliyobinuka sana lakini laini, na unaweza kuwa na springi bapa iliyo ngumu kama reli. Ugumu unatokana na idadi ya majani, upana wake, unene na urefu, na hapa kuna hesabu ambayo kila fundi anaisikia mkononi hata kama hajaiandika: unene na urefu hufanya kazi kwa kipeo cha tatu. Jani la milimita 8 halizidi la milimita 7 kwa sehemu moja ya saba. Linalizidi kwa karibu nusu nzima. Na springi ikirefushwa kwa asilimia 10 tu, inalainika kwa robo. Ndiyo maana fundi anayechukua jani la Canter, analikata kwa msumeno na kulichomeka chini ya majani ya Hilux "kuongeza nguvu kidogo", hajaongeza kidogo hata kidogo.

Mimi hupima kwa mifuko ya saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, unapatikana kila mahali, na mwenye duka atakuazima kumi kwa nusu saa ukimwahidi kutoirarua. Siku moja tulifanya hivyo na dereva wa Land Cruiser ya pikapu aliyekuwa amekuja kutaka inchi tatu. Gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyosawazika, tulipima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa digadi, kushoto na kulia. Tukapanga mifuko 10 juu ya ekseli hasa, maana ukiipanga mbele karibu na kabini sehemu ya uzito inakimbilia springi za mbele na hesabu inaharibika. Tukalitikisa gari ili majani yakae. Tukapima tena: nyuma imeshuka sentimita 5. Basi, kilo 500 kwa sentimita 5. Kila kilo 100 ni sentimita 1 kwa springi zote mbili.

Kisha nikamwuliza anabeba nini. Alianza kwa kusema "kawaida tu", kama wanavyosema wote. Tukahesabu. Pipa la dizeli la lita 200, karibu kilo 170. Watu sita nyuma na mizigo yao, tuseme kilo 480. Madumu manne ya maji, kilo 80. Tairi mbili za akiba, karibu 70. Jumla kilo 800, kwa hiyo gari linashuka sentimita 8. Tukalala chini tukapima nafasi kati ya ekseli na ule mpira wa kuzuia kugonga: sentimita 10 gari likiwa tupu. Hivyo akiwa na mzigo wake wa "kawaida" alikuwa anasafiri na sentimita 2 mkononi. Shimo lolote lenye maana, chuma kinagonga chasisi. Kelele aliyokuwa akiilalamikia, aliyodhani ni gari kuwa chini, ilikuwa springi zisizolingana na mzigo.

Ukishakuwa na namba hizo, kuchagua kunakuwa kazi ya dakika chache. Ukiinua sentimita 5 bila kubadili ugumu, anabaki na sentimita 7 akiwa amejaza. Ukiacha kimo kilivyo na kuongeza ugumu kwa asilimia 40, mzigo unamshusha sentimita 5.7 na anabakiwa na 4.3. Ukiinua 4 na kuongeza ugumu kwa asilimia 20, anabakiwa na zaidi ya 7, na gari halijawa gumu kupita kiasi. Njia ya tatu ndiyo niliyompendekezea, kwa sababu ya safari ya kurudi.

Safari ya kurudi husahauliwa, nayo kwa gari la West Nile ni nusu ya maisha yake: linakwenda Bidibidi limejaa na kurudi Arua tupu. Springi hutikisa gari kwa kasi inayotegemea imezama kiasi gani chini ya uzito iliyobeba. Ikizama sentimita 25, gari hupanda na kushuka mara 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, na mwili unastahimili. Ikizama sentimita 6 tu, ni mara 2 kwa sekunde, na hapo uti wa mgongo unaanza kulipa. Chukua pikapu ile: tupu, springi za nyuma zina kilo 700 hivi juu yake. Kwa ugumu wa zamani zinazama sentimita 7, karibu mara 1.9 kwa sekunde. Ongeza ugumu kwa asilimia 40, zinazama 5, na mtikisiko unapita mara 2.2. Kwenye moramu yenye mawimbi ya bati nyuma inaanza kurukaruka, tairi haigusi ardhi muda wote, na kwenye kona dereva anaona mkia ukihama wenyewe. Madereva wengi huita hali hiyo utelezi. Mara nyingi ni springi ya tani moja chini ya gari tupu.

Kwa sababu hiyo naona springi za hatua mbili ndizo zinazoifaa nchi hii: pakiti yenye majani marefu ya juu yanayobeba gari tupu, na chini yake jani moja au mawili mazito, karibu bapa, ambayo hayaguswi mpaka mzigo uyashushe majani ya juu yayafikie. Tupu, ni springi laini. Imejaa, ni springi nyingine. Kampuni za Australia, kama ile inayouza springi za Old Man Emu, huuza pakiti za nyuma kwa viwango vya uzito wa kudumu, na mnunuzi huulizwa kilo kabla ya kimo; utaratibu huo tungeuiga hata pale tunapotengeneza zetu. Jambo lingine la kutazama kwenye pakiti yoyote ni jani la pili. Kwenye pakiti nzuri ncha yake ya mbele imezungushwa nje ya jicho la jani kuu. Jani kuu likivunjika, la pili linalishika jicho na ekseli inabaki mahali pake. Bila hilo ekseli inakimbia nyuma upande mmoja, na gari linakwenda mshazari kama kaa.

Njia za bei nafuu za kunyanyua zipo na kila gereji inazijua. Ya kwanza ni kipande cha chuma kati ya ekseli na springi. Kinanyanyua kweli, hakibadili ugumu, lakini kinarefusha mkono ambao ekseli inaupindia springi kila unapokanyaga mafuta au breki, na majani yanajikunja mithili ya herufi S. Sentimita 3 au 4 nyuma, kikiwa cha chuma kizima na yubolti (bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli) ndefu mpya, naweza kukikubali. Mbele, kamwe. Ya pili ni kurefusha vile vibao viwili vinavyobembea kwenye mwisho wa springi: ukirefusha kwa sentimita 6 unapata 3 tu, na difu inainuliwa pua yake, hivyo krosi za propela, vile viungo vyake vinavyopinda, zinafanya kazi kwa pembe mbaya. Niliwahi kupanda gari la mradi mmoja lililofanyiwa zote mbili kwa pamoja. Krosi ya nyuma ilikatika kabla hatujafika Yumbe, na propela ikachimba ardhi. Ya tatu ni kuongeza jani, ambalo tumeshaona hesabu yake.

Ya nne ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inaonekana kuwa ni ufundi. Majani ya zamani yaliyolala yanawekwa motoni au chini ya mwali wa gesi mpaka yawe mekundu, yanapindwa kwa nyundo, kisha yanaachwa yapoe pembeni. Gari linatoka limesimama kama jogoo. Baada ya miezi michache limelala kuliko zamani. Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6, na nguvu yake ilitengenezwa kwa moto uliopimwa: kinapashwa hadi nyuzi 850 hivi, kinazamishwa kwenye mafuta, kisha kinapashwa tena taratibu kwenye nyuzi 400 hadi 500 ili kisiwe chepesi kuvunjika. Moto wa gereji unafuta kazi hiyo yote. Wahunzi wanaofua majembe na visu kwa majani ya magari mabovu wanalijua hili vizuri kuliko mafundi wengi wa magari. Wao hulainisha chuma kwa moto ili kifulike, kisha hukizamisha ili makali yarudi. Fundi anayelainisha bila kuzamisha ameishia nusu ya kazi ya mhunzi. Kama ni lazima majani yarudishiwe mbinuko, yapindwe yakiwa baridi, kidogo kidogo, hatua kwa hatua, na mwenye gari aambiwe kwamba mbinuko huo hautadumu kama wa springi mpya.

Springi zikishabadilika, vitu vingine lazima vifuatane nazo. Shokapu za zamani hazifikii urefu mpya, zinaning'inia zikiwa zimenyooka mpaka mwisho na kuvunjika kwenye shina. Mpira wa breki wa nyuma unavutwa. Taa za mbele zinabadili uelekeo. Na kuna kifaa ambacho sijawahi kuona fundi akikigusa bila kuambiwa: Hilux na Land Cruiser nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, inayosoma gari limeshuka kiasi gani ili ijue lina mzigo. Ukilinyanyua, vali inaamini gari ni tupu siku zote na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa na kilo 800. Fimbo hiyo irekebishwe siku ile ile. Yubolti za zamani zisirudishwe, na mpya zikazwe tena baada ya kilomita 500, maana yubolti ikilegea mzigo wote unahamia kwenye tundu la bolti ya katikati, na jani hukatikia hapo hapo.

Kimo chenyewe kina gharama. Chukua gari lenye upana wa mita 1.46 kati ya magurudumu na kitovu cha uzito mita 0.75 juu ya ardhi: gawanya nusu ya upana kwa kimo, unapata 0.97. Linyanyue sentimita 5, inakuwa 0.91, linyanyue 10, inakuwa 0.86. Kadiri namba hiyo inavyoshuka ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi, na lami ya Koboko, iliyonyooka na yenye kushawishi mguu, ndipo magari yaliyoandaliwa kwa matope yanapokimbizwa. Sentimita 4 au 5 zinanitosha, na sijaona kazi ya West Nile inayohitaji zaidi.

Nimalizie na gari moja la wagonjwa la Koboko, maana tangu nilione sijaweza kulizungumzia suala hili kama la vyuma tu. Lilikuwa Land Cruiser iliyofungwa springi za pikapu ya mizigo, ngumu, kwa nia njema kabisa, ili lisikwame masika. Kwenye gari la aina hiyo machela imelala karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Mgonjwa, msindikizaji na muuguzi hawafiki hata kilo 250. Tuliweka mifuko mitano ya saruji: nyuma ikashuka sentimita 1 na robo, yaani ugumu wa kilo 200 kwa sentimita, maradufu ya pikapu ile ya kwanza. Gari lile lilikuwa linamtikisa mgonjwa zaidi ya mara 2.2 kwa sekunde, kwa saa nzima, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa au mtu mwenye mfupa uliovunjika. Na lilikuwa juu kiasi kwamba mjamzito alihitaji watu wawili wa kumpandisha.

Springi zake za awali zilikuwa bado nyuma ya stoo, zimefunikwa majani makavu. Zilikuwa zimelala kidogo lakini hazikuwa na ufa. Tulizisugua, tukapaka grisi, tukaweka bushi mpya, yubolti mpya na shokapu mpya, na kwa ajili ya matope tukaliwekea tairi zenye meno makubwa zaidi. Mifuko mitano ikalishusha sentimita 2 na nusu. Dereva alilipeleka kwenye njia ya Lobule, muuguzi akiwa amekaa nyuma pembeni ya machela tupu. Waliporudi alisema kwamba njia nzima alikuwa akijaribu jambo moja, kushika mkono wake mwenyewe na kutafuta mshipa, na kwamba sasa ataweza kumwekea mgonjwa dripu bila kumwomba dereva asimamishe gari.